Mafuta ya Goti kwenye Matairi ya Bwana Humoud

Nyange bin Pandu hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote, lakini mwaka 1959, pale Chake Chake, hakuna aliyeyajua magurudumu kama yeye. Bwana Humoud, mwenye mashamba ya mikarafuu, alikuwa na gari jeusi dogo ambalo hakutaka mtu mwingine alishike usukani. Magurudumu tu ndiyo aliyomwachia Nyange, mtu wake wa shamba wa miaka mingi, baada ya goti la kushoto la Nyange kukataa kupanda mikarafuu.

Mama yangu, Mwanapili, alikuwa mpishi wa nyumba ile, na dirisha la jiko lilitazama uani. Kila alasiri gari liliporudi, alimwona Nyange akichutama kwa shida, akichokoa vijiwe vilivyokwama kwenye mifereji ya mpira, kimoja kimoja. Udongo mwekundu aliusugua kwa makumbi ya nazi. Gari likitoka Wambaa, kwenye njia za pwani, alilimwagia ndoo tatu za maji ya kisima, maana chumvi hula chuma. Vifuniko vya magurudumu alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka akajiona meno.

"Nyange," mama humwita dirishani, "hilo gurudumu unalikosha kuliko uso wako."

"Uso wangu nani anautazama, Bi Mwanapili?"

"Hata Mwatum hautazami?"

"Mwatum keshauchoka."

Mwatum alikuwa mkewe. Ndiye aliyempikia mafuta ya nazi pamoja na karafuu, akamkanda goti kila usiku, na goti likapata nafuu.

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya Fakhriya, binti wa Bwana Humoud, Nyange aliona ubavu wa matairi umeanza kupauka. Bibi harusi angepelekwa kwa mumewe Wete ndani ya gari lile, na watu wangesimama njiani kutazama. Akachukua chupa ya Mwatum, akapaka. Mpira uling'aa, ua wote ukanukia. Bwana Humoud alipita, akasimama, akasema, "Leo umeyapamba, Nyange." Kwa mtu asiyesifu kitu, maneno hayo yalitosha. Tangu siku hiyo Nyange alipaka kila jioni.

Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi alibonyeza tairi kwa dole gumba, na alama ya dole ikabaki. Akabonyeza la pili. Ubavu ulikuwa umevimba, unanata, na alipoukwaruza kwa ukucha ulichunika, nyuzi za ndani zikaonekana. Akafungua buti, akalishika tairi la akiba, ambalo lilinunuliwa siku moja na yale manne. Hilo hakulipaka mafuta kwa sababu halionekani. Lilikuwa gumu kama siku lilipotoka dukani.

Alikaa juu ya ndoo muda mrefu. Mama akatoka jikoni, akaelezwa.

"Huenda yakafika Wete," mama akasema polepole.

"Huenda."

"Hakuna anayejua ila mimi na weye."

"Najua, Bi Mwanapili. Nikisema, nitanyang'anywa hata haya magurudumu, na mtu wa goti moja atapewa kazi gani tena? Lakini ndani ya gari atakaa mtoto wa watu."

Akasimama, akajifuta mikono, akaenda barazani. Mama alimfuata hadi mlangoni, akabaki nyuma ya pazia.

"Bwana, gari lisitoke kesho. Nimeyaharibu matairi kwa mkono wangu."

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyapaka mafuta. Yale ninayokandwa goti."

Bwana Humoud alishuka uani, akabonyeza mwenyewe, akanusa kidole chake.

"Mafuta ya goti," akasema. "Matairi mangapi?"

"Yote manne."

"Mengine mpaka yaje kwa meli kutoka Unguja. Umemwambia nani?"

"Bi Mwanapili tu."

"Basi mji mzima unajua."

Mama aliudhika na neno hilo kwa miaka mingi, ingawa lilikuwa na ukweli.

Likakodiwa basi la ubao. Fakhriya aliketi mbele, amefunikwa, na nyuma yake wanawake wapatao thelathini waliimba tangu mlangoni, njia nzima ya Gombani, hadi Wete. Mama alikuwamo. Alisema katika gari dogo bibi harusi angekwenda na watu watatu, wote kimya.

Nyange, kama alivyomsimulia mama baadaye, hakutoka kuangalia. Alibaki uani akiliegemeza gari juu ya magogo, akiyang'oa magurudumu na kuyavua matairi. Kazi hiyo hakuagizwa na mtu. Alitaka kuimaliza kabla hajaambiwa aende zake. Bwana Humoud alipomaliza kuaga wageni alikuja akakaa kwenye ngazi, kanzu yake mpya kwenye vumbi.

"Mipira mipya ikija," akauliza, "utaiosha kwa nini?"

Nyange hakuinua uso. "Kwa maji, Bwana."

"Na nini tena?"

"Sabuni kidogo. Basi."

Bwana Humoud akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kuvua kanzu. Nyange aliendelea kukaa pale chini, mkono juu ya ringi tupu, mpaka Mwatum alipokuja kumchukua.