Harufu ya Mkate Ndani ya Chupa

Nakumbuka wiki moja, mdogo wangu, ambayo usingizi ulinikimbia kwa sababu ya harufu ya mkate. Usicheke. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, bado niko kwenye majaribio, katika kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya mji wa Dodoma. Mimi sina mvi za kumwita mtu mwanangu, lakini neno nitakalokupa nilipewa na mwenye mvi, nami nakupitishia.

Kiwandani kulikuwa na chupa za mvinyo wenye mapovu, uliotengenezwa kwa zabibu nyeupe ziitwazo Chardonnay. Zote zilikuwa za mavuno ya mwaka mmoja, mwaka ambao mvua ilikatika mapema na zabibu zikatoka ndogo na kali. Mvinyo ule ulitiwa hamira mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, ukafungwa, ukalazwa gizani miaka saba. Aliyezilaza na kuzigeuza chupa zile ni Mzee Ndahani, Mgogo wa Mpwapwa, ambaye mizabibu yenyewe aliipanda kwa mikono yake.

Jumatatu meneja wetu, Dada Rehema, aliniita ofisini.

"Wewe ndiye msomi wa ladha. Ijumaa nataka neno moja tu: mvinyo ule umekomaa au umeharibika? Ukiwa umeharibika tunamwaga, na ile mistari ya mizabibu ya Chardonnay tunaing'oa. Tutapanda zabibu nyekundu."

Nikafungua chupa moja peke yangu. Kitabu changu cha chuoni kiliniambia nitegemee limao na tofaa bichi. Mimi nikakutana na mkate ulioungua kidogo pembeni, na karanga. Basi hofu ikaingia. Je, hamira imeoza humo ndani? Au pua yangu ndiyo mbovu? Nikisema umekomaa, wanunuzi wakikunja uso je? Nikisema umeharibika, mizabibu ya mzee wa watu ikang'olewa bure je? Niliandika ripoti mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana, na kila asubuhi niliamka naiamini ile niliyoikataa jana. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Alhamisi nikabeba chupa na glasi mbili, nikamfuata Mzee Ndahani kwenye ghala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu? Umeanza kunywa bila sisi?"

Nikammiminia, nikajimiminia. Nikavuta harufu, nikauzungusha mvinyo mdomoni kama tulivyofundishwa chuoni, kisha nikautema kwenye ndoo.

Mzee akaiweka glasi yake chini. Hakuigusa.

"Unanikaribisha kitu, halafu mwenyewe unakitema?"

"Ndivyo wataalamu wanavyoonja, babu. Ili tusilewe."

"Kwetu anayemimina hunywa wa kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Sasa wewe umetema. Mimi nikinywa, nitakuwa nani? Ndoo ya pili?"

Mdogo wangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajimiminia tena haraka ili nimeze, akanishika mkono.

"Taratibu. Mvinyo umetoka kwenye baridi sasa hivi. Ushike kwanza, ukuzoee."

Nikaishika glasi kwa viganja viwili. Mapovu yalikuwa madogo sana, yakipanda kwa mstari mmoja mwembamba, kama uzi unaovutwa na mtu usiyemwona. Harufu ilipofunguka, mkate ulikuwa uleule.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Mkate, babu. Ndiyo maana naogopa umeharibika."

"Nyumbani kwenu pombe ikiharibika inanuka nini?"

"Siki."

"Hapa kuna siki?"

Nikanusa tena. Haikuwepo.

"Hamira imefia humo, imelala miaka saba. Ulitaka inukie marashi?"

Nikanywa, safari hii nikameza. Ukali ulinishika pembeni mwa ulimi kama unga wa ubuyu usiotiwa sukari. Nyuma yake likaja lile limao la kitabuni, ila limetulia, kama ganda lililoanikwa juani. Zikafuata karanga za moto. Na ulipokwisha kushuka kooni, kikabaki kitu nisichokijua, nikawa nakitafuta kwa ulimi: chaki ya ubaoni? Vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza? Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikavuta nyingine. Bado kilikuwepo.

"Mwisho wake unakaa kooni, mwanangu," mzee akasema. "Wewe hukuufikisha huko." Ndipo naye akainua glasi yake.

"Kwa hiyo umekomaa, babu?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mzazi, na mzazi hamwoni mwanawe kengeza. Sema wewe."

Jioni ile nilizichana ripoti zote mbili. Ijumaa nikaingia kwa Dada Rehema na chupa, nikanywa mbele yake, nikammiminia, nikasema: "Umekomaa. Mizabibu isiguswe."

"Una uhakika?"

"Sina uhakika wote, dada. Lakini nimeumeza."

Akanitazama, akanywa, akameza. Kisha akachukua karatasi ya agizo la kung'oa mizabibu, akaipiga mstari katikati.

Basi sikia, wewe unayeanza kazi na kichwa kilichojaa "je" kama changu. Utamu wa ngoma, ingia ucheze. Kitabu kisome, kitakupa majina. Lakini usimpe mtu hukumu ya kitu ulichokigusa kwa ncha ya ulimi ukakitema. Kifikishe kooni kwanza, usubiri kinachobaki, ndipo useme, hata kama sauti inatetemeka. Na kama dini yako hairuhusu pombe, neno hili linafaa hata kwa uji.

Mungu akupe pua ya kudadisi na koo lisiloogopa, na kwa mizabibu utakayoipanda wewe, apatikane mtu wa kuionja kabla ya kuing'oa.