Nilileta piano ya GB 40 kanisani wiki ya harusi, Afande akakosa pa kuingilia

Wakuu, habari za mihangaiko. Mnanijua kwa kutia chumvi, na humu nitatia kidogo. Lakini kisa chenyewe nilikifanya kwa vidole vyangu hivi kumi.

Mimi Mkenya niliyehamia nchi jirani, nauza vifaa vya simu soko la Kikuubo. Jumapili napiga kinanda kanisani kwetu Kansanga. Kompyuta nilisomea darasa la jioni, na siku ya kupewa cheti nilijiona naijua kuliko aliyeiunda.

Kinanda chetu kilikuwa kizee. Sample zake za piano, yaani sauti zilizorekodiwa ndani yake, zilikuwa ndogo, hazifiki hata ukubwa wa picha moja ya simu. Kilikuwa kinalia kama mtu anagonga chupa kwa kijiko.

Basi nikapakua piano ya GB arobaini kwenye laptop, nikaiunganisha na kibodi ya kupigia isiyo na sauti yake. Kila noti imerekodiwa mara kumi na kitu, ndani ya ukumbi mkubwa. Niliposikiliza kwa headphone nililia machozi ya kujaza jerikeni.

Nikaishawishi kwaya. Kinanda kizee tukampa fundi wa redio akitoe spea.

Sasa, kwenye kwaya kuna Afande Okot, mwanajeshi mstaafu wa kutoka Kaskazini. Mizinga ilimwachia sikio moja. Binti yake Akello alikuwa anaolewa, na mzee aliomba kitu kimoja tu: amwimbie ubeti wa kwanza peke yake wakati anaingia kanisani.

Alifanya mazoezi mwezi mzima, na kinanda kile kile kizee. Mimi nikakibadilisha wiki ya harusi, na kwaya tukamficha, eti surprise.

Kwetu mpiga kinanda anampa mwimbaji sauti: anagonga noti yake mara mbili, mwimbaji anaingia. Nikagonga. Spika moja, paa la bati, na mwangwi wa ule ukumbi umo ndani ya sample. Noti ikatandaa kanisa zima.

Afande akainua kichwa, akangoja. Nikagonga tena. Akaingia pasipofaa, akanyamaza.

Akello amesimama katikati ya njia, anamtazama baba yake.

Mara ya tatu akina mama wa kwaya wakamhurumia, wakauchukua ubeti wenyewe. Wimbo ukaenda bila yeye. Akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Baadaye nikamfuata kumwomba radhi. Hakunifokea.

"Mwanangu, hiyo piano yako ni nzuri. Lakini mimi nasikia kama mvua tu kwa bati. Mahali pa kuingia sikuona."

Nikamwambia tutaenda kwa Akello tumwimbie upya.

"Akello alishaingia, mwanangu. Ataingia mara ngapi?"

Tangu siku hiyo anakaa viti vya nyuma. Haimbi. Kwa fundi nilikimbia, nikakuta kinanda kimebaki vipande.

Kinachoniuma zaidi: ule mwangwi wa ukumbi unazimwa kwa kitufe kimoja. Nilikigundua wiki mbili baadaye.

Kwa hiyo wakuu, sisemi sample kubwa ni mbaya. Kwa headphone ni asali. Lakini utamu wake nilioupima ni wa masikio yangu mawili, na aliyekuwa anaitegemea hiyo noti ana sikio moja. Ningemwita mazoezini dakika tano tu, angeniambia.

Wapiga vinanda wa humu, nyie mnatumia nini kwenye makanisa ya bati? Na kama kuna anayejua namna ya kumrudisha mzee kwenye kwaya, aandike. Matusi pia napokea.