Vitabu Vitano vya Mjomba

Mjomba wangu alinunua vitabu vyake Nachingwea, kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake na kuuza vitu vyote vya nyumbani kabla ya kuondoka. Watu waligombania majiko na vitanda. Yeye alirudi Ruangwa na kikaango kimoja na vitabu vitano vya Kiingereza vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Mama yangu, ambaye ni wa mwisho kuzaliwa kwao, alikigeuza kikaango huku na huku kuona kama kina tundu. Vitabu hakuvigusa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mimi nikiwa shule ya msingi. Mjomba alikuwa karani wa ghala la korosho na aliishi chumba cha uani kwetu. Vitabu vile vitano vilikuwa hadithi moja ndefu, ya wafalme na majoka na vita vya kugombea mlima fulani, na alitusimulia jioni tukimenya karanga za mbegu. Alisimulia kwa Kiswahili, na penye matusi alihamia Kimwera ili Mama asikie vizuri. Wafalme wake walikula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Majoka yake yaliharibu mikorosho. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipogundua kwamba katika vitabu vile hakuna kisamvu hata kijiko.

Lakini mimi wafalme hawakunihusu. Mtu wangu alikuwa binti mbeba maji. Alikuwa msichana wa umri wangu, anawachotea maji askari, na kila alipokwenda na ndoo yake yalimkuta makubwa. Alitumia mkono wa kushoto, kama mimi. Hakuogopa joka ila aliogopa kuku, kama mimi vilevile, na sikushtuka hata kidogo. Niliona ni kawaida tu kwamba watu wa maana huogopa kuku. Mjomba alianza habari zake siku zote kwa maneno yaleyale: "Basi binti akainuka, akajifuta matope, akajitwisha ndoo yake."

"Alikuwa ameangukaje?" nikamuuliza siku moja.

"Hiyo iko kitabu cha kwanza."

"Basi nikijua Kiingereza nitaanza na hicho."

"Usianze na hicho, mjomba," alisema, maana na yeye aliniita hivyo. "Anza na chochote unachotaka. Cha kwanza subiri, nitakuambia lini."

Hakuniambia. Alipata homa wakati wa msimu wa korosho, magunia yakiwa yamejaa ghalani, na hakuinuka tena. Nilikuwa darasa la sita. Nilimlilia mjomba, na kwa siri nilimlilia na yule binti, kwa sababu mara ya mwisho tulikuwa tumemwacha katikati ya daraja.

Baada ya arobaini ndugu walikaa uani kugawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi, kila mtu apate cha kumkumbukia. Baiskeli, redio, koti na kofia viligawiwa bila maneno. Ilipofika zamu ya vitabu, mama mkubwa, dada yao wa kwanza anayeishi Lionja, alivipanga juu ya mkeka, akahesabu, akafurahi. Vitabu vitano, ndugu watano. Hakuna atakayenung'unika. Na kwa kuwa mkubwa hawezi kupata kidogo, vikagawiwa kwa unene: yeye akachukua kilichonenepa kuliko vyote, kisha aliyemfuata, hivyo hivyo mpaka kikabaki chembamba, nacho akapewa Mama. Nilisimama mlangoni nikiwa nimefura kwa hasira. Nilitaka kupiga kelele kwamba hadithi haigawiwi kama kitenge. Sikuwa na umri wa kusema hivyo mbele ya wakubwa, na hata ningesema, wangeniuliza sasa wewe ulitakaje, mmoja achukue vyote?

Kile chembamba ndicho kilichokuwa cha kwanza.

Nilimaliza kidato cha nne miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji na kamusi iliyochakaa, na nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kumtoa binti wangu pale darajani. Sauti ya mjomba ilikuwa imeanza kunipotea, na niliamini kwamba nikimpata binti, nitaisikia tena. Nikamwomba Mama kitabu chake.

"Utaanzaje na changu?" akasema. "Mimi mdogo wao wa mwisho. Dada yangu akisikia umeanza kwangu, atasema mimi ndiye niliyekufundisha dharau. Anza kwa mkubwa."

"Mama, lakini hicho ndicho cha kwanza."

"Kwenu shuleni. Hapa cha kwanza kiko Lionja."

Akafunga sanduku lake. Ndivyo ilivyoamuliwa wapi nianze.

Mama mkubwa alikiweka kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na sabuni ya kipande ili kinukie. Kilikuwa cha nne. Hakukubali kitoke nyumbani, kwa hiyo nilikaa kwake nikimsaidia kuvuna ufuta, nikisoma mchana kwenye mkeka huku yeye akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anywe uji. Nilijua nani amekuwa mfalme kabla sijajua baba yake ni nani. Niliomboleza vifo vya watu nisiowafahamu. Binti mbeba maji sikumwona popote. Nikajipa moyo kwamba yuko katika vingine.

Ndugu wa pili na wa tatu, mmoja Chunyu, mwingine Nachingwea mjini, walinipokea vizuri na vitabu vyao walikuwa wamevitunza. Binti hakuwemo. Nambilanje nilimkuta mjomba ambaye Mama anamfuata kwa kuzaliwa. Yeye alikuwa na cha mwisho kabisa, na robo ya mwisho haikuwepo.

"Karatasi yake laini," alinieleza, akionyesha msokoto wake wa tumbaku bila aibu yoyote. "Nilikuwa namkumbuka marehemu kila jioni."

Nilikasirika nikashindwa kula. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba binti wangu alikuwa kwenye kurasa zile, ameokoka, ameolewa au amekuwa malkia, na mjomba huyu amemvuta. Aliponiona nimesusa ugali akaja akakaa karibu nami, akaniuliza nani hasa namtafuta. Nikamwambia. Akafikiri, akasema huyo binti anamkumbuka vizuri kutoka kwenye masimulizi ya kaka yake. "Yule aliyeogopa kuku," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikampenda tena papo hapo, na nikala.

Nilirudi Ruangwa. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Hakuuliza nimepata nini. Aliinuka, akaenda chumbani, akafungua sanduku na kunipa kitabu cha kwanza.

Nilikisoma palepale kizingitini. Askari wamepiga kambi kando ya mto. Msichana mmoja, ambaye mwandishi hakujali hata kumpa jina, anateremka na ndoo kuchota maji. Mshale unatoka ng'ambo. Anaanguka kwenye matope, askari wanashtuka, vita vinaanza. Mistari minne. Nilifungua mbele, nikarudi nyuma, nikatazama maneno kwenye kamusi ingawa niliyajua yote. Hakuinuka.

"Mama," nikasema, "kumbe alikufa."

"Alikufa," Mama akasema, akiendelea kupepeta. "Siku kaka yangu alipofika hapo alikuja kuniuliza jikoni. Anasema, dada, huyu mtoto kwenye kitabu anakufa, na yule mwanao ameshaniuliza mara mbili jina lake. Nimwambieje? Na wewe wakati huo ulikuwa ukitumwa kisimani unalia kutoka mlangoni mpaka unarudi. Nikamwambia, ukimwua huyo mbeba maji, maji ya nyumba hii utachota wewe."

Aliweka ungo chini. Akajifuta uso kwa upande wa khanga, akasingizia pumba.

Kwa hiyo miaka ile yote, daraja, joka, kuku, mkono wa kushoto, vyote vilitoka kwake, jioni baada ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kupima magunia ya watu. Nililia kwa kwikwi kama niko darasa la sita. Nilimpenda mjomba wangu siku ile kuliko nilivyompenda akiwa hai, na niliumia kwamba hayupo nimwambie.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akavuta kigoda karibu yangu.

"Haya, nisomee na mimi. Sijawahi kuisikia kwa mpangilio."

"Nianzie wapi?"

"Kaka yangu alipokuwa akianzia."

Nikakifunga kitabu, nikakiweka magotini. Basi binti akainuka, nikasema, akajifuta matope, akajitwisha ndoo yake.