Utepe wa Uchochoroni

Homa ilipoingia, msusi alikuwa wa kwanza kufunga. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, viti viwili na kioo. Wateja wake wawili waliugua, uchochoro ukazungushiwa utepe, naye akatoa viti vyote nje ya chumba asije akashawishika. Mwenyekiti wa mtaa, yaani shemeji yake mwenyewe, kaka mkubwa wa mumewe, alipita na kipaza sauti: mtu asitoke, mtu asikusanyike.

Mama wa msusi, aliyekaa nyumba ya tatu, akafa kwa presha. Si kwa homa hata kidogo. Walikuja wauguzi waliovaa magauni ya plastiki, wakambeba kwenda kumzika. Msusi alitazama dirishani, mikono imeshika nondo, akamlilia mama yake kwa mbali kama mtu baki. Hakuvuka utepe.

Homa ikafia pale pale uchochoroni. Utepe ukaondolewa. Ndipo alipopata habari: siku zile zile, shemeji alimwoza bintiye ndani ya geti lililofungwa, ukumbi umejaa pomoni. Sasa upande wa pili wa mtaa, alikokaa shemeji, ulikuwa unaugua nyumba kwa nyumba, na yeye akizunguka kuwaambia watu kwamba masharti ni bure, homa ikitaka kuja inakuja tu.

Hilo ndilo lililompandisha hasira msusi. Alimkuta kwenye kikao cha mtaa, akasimama bila kuomba ruhusa.

"Masharti yalifanya kazi, shemeji. Kwetu homa ilikwama. Kwako ilipita kwa sababu uliwafungulia wageni geti."

Shemeji akasema kwa upole kwamba harusi ya mtoto haiahirishwi.

"Na mazishi ya mama yangu?"

Shemeji akafungua daftari, akasoma ajenda inayofuata. Hakuna aliyemtetea shemeji, lakini hakuna aliyemwondoa kwenye uenyekiti pia, na hilo msusi hakulisahau.

Utepe ulipofungwa upande wa pili, akina mama walipeana zamu ya kupeleka maji. Msusi alikubali zamu yake kwa kununa. Bibi harusi, aliyekonda, alikuja kuchukua ndoo.

"Asante, mama mdogo."

"Usikaribie," alisema msusi. "Subiri niondoke kwanza."

Akaondoka bado ana hasira, na kesho yake akaenda tena.