Matundu Matatu ya Kosgei

Kosgei alikuwa na patasi moja, nyundo moja na mkokoteni wa punda, na kwa vitu hivyo vitatu alifaulu kuchukiwa na mtaa mzima wa Milimani, Nakuru, kwa miaka minne. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomchukia, tena ndimi niliyepiga chapa barua ya kumfukuza. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia huko mbele.

Kuanzia mwaka wa sitini na saba nilikuwa karani wa Kamati ya Usafi ya Wenye Nyumba. Jina lilikuwa kubwa kuliko kazi. Wazungu walikuwa wakiuza nyumba zao na kuondoka, na kila aliyenunua alikuta nyuma ya nyumba stoo iliyojaa mabaki ya maisha ya mtu mwingine: dawa ya panya, dawa ya mchwa, dawa ya kupe, maji ya betri, chupa zisizo na jina. Kamati ilimwajiri Kosgei apite na mkokoteni avichukue vitu hivyo. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Kinyanjui. Alikuwa ameacha kufundisha zamani, lakini hakuacha kuitwa Mwalimu, wala kutuuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo tayari mfukoni.

Kosgei alitoka upande wa Rongai, ambako alifanya kazi ya dipu katika shamba la mzungu, kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Shamba lilipouzwa alikuja mjini na elimu moja tu, kwamba chombo kilichowahi kubeba sumu hakirudi jikoni. Kila kopo, kila debe, kila dramu ya dawa aliyopewa aliitoboa palepale, mwenye chombo akiona, kabla ya kuipakia. Matundu matatu: moja chini, moja ubavuni, moja shingoni. Halafu aliipeleka kwenye shimo alilochimba mwenyewe kwenye mteremko wa Menengai, mbali na maji ya watu, akaifukia kwa chokaa na udongo.

Asiyeijua Nakuru ya miaka ile atauliza ubaya uko wapi. Ubaya ni kwamba debe zima lilikuwa mali. Debe lilichota maji, lilipima mahindi, lilichemsha chai ya matanga, na likichakaa lilikunjuliwa likawa paa. Akina mama wa Bondeni waliungojea mkokoteni wa Kosgei barabarani, wakaambulia mabati yenye matundu. Watumishi wa Milimani walinuna, maana vyombo hivyo ndivyo walivyoahidiwa na matajiri wao kuwa zawadi. Matajiri nao walinuna, maana ni raha kumpa mtu kitu usichokitaka na bado akakushukuru kwa mikono miwili. Malalamiko yote yaliishia mezani kwangu, nami niliyatia kwenye faili.

"Mzee Kosgei," nilimwambia siku moja, "kwani tundu moja haitoshi?"

"Moja watu wanaziba na sabuni," alisema. "Ama wanapeleka kwa fundi anachomelea. Zikiwa tatu fundi anakataa, anasema heri ununue ingine."

"Na wakiosha vizuri?"

Alimshika punda shingoni.

"Mama watoto aliosha vizuri," alisema.

Ndipo akanieleza, mara moja tu, na hakurudia tena. Mwaka wa hamsini na tisa alibeba kopo kubwa tupu kutoka kwenye dipu akampelekea mkewe, naye akajiona mwanamume wa maana. Kwao kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Huchomwa kijiti cha mti wa senetwet, na kaa lake la moto husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kinukie vizuri na maziwa yasiharibike. Mkewe alilifanyia lile kopo vivyo hivyo, siku tatu, bila uvivu. "Harufu ikaisha," Kosgei alisema. "Sisi tukafikiri dawa imeisha." Walikuwa na msichana wa miaka miwili. Alikunywa maziwa yale asubuhi, na saa nane mchana walikuwa wakimtafutia mahali pa kumzika.

Ningependa kuandika kwamba maneno yale yalinibadilisha. Nilisikitika mpaka saa kumi, kisha nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu nyumbani.

Malalamiko yalizidi. Bwana Harbans Singh, mweka hazina, ambaye dukani kwake sumu ya panya ilikaa upande mmoja wa kaunta na biskuti upande wa pili, alisema mzee yule anatisha wateja. Kamati ikamwonya Kosgei mara mbili kwa maandishi. Onyo la tatu halingekuwepo: akitoboa chombo chochote bila ruhusa ya mwenyewe, kazi imekwisha. Alikuwa na watoto wanne Kaptembwo waliokula kwa kazi ile. Alisikiliza barua zote mbili zikisomwa, akaweka dole gumba, akaendelea kutoboa pale tu aliporuhusiwa. Aliponyimwa ruhusa alirudi kesho yake kuomba tena, na kesho kutwa, mpaka mwenye kopo akachoka.

Ikafika Agosti ya mwaka wa sabini na moja. Mwalimu Kinyanjui alikuwa amenunua nyumba kubwa kuliko zote za mtaa, naye alitaka karamu ya kuingia nyumba. Alikuwa pia na hamu ya kugombea kiti, ingawa alisema ni wananchi wanaomsumbua. Hamu hiyo ilihitaji wageni wazito kutoka Kericho na Baringo, na wageni hao walihitaji mursik, maziwa yao yaliyolala, tena si ya kibuyu kimoja. Kwenye stoo ya mzungu Mwalimu akakuta dramu mbili ndogo za mdomo mpana, moja imeliwa na kutu, nyingine nzima, yenye mikono miwili na mstari mwekundu shingoni. Ile nzima alipenda umbo lake. Karatasi yake ilikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili, naye akaikwangua kwa wembe huku mimi nimemshikia dramu.

"Hizi picha wazungu walikuwa wanaweka za kutisha wezi," alisema.

Nikacheka. Kucheka kulikuwa sehemu ya kazi yangu.

Mpishi wake, Chelangat, mama wa makamo kutoka Londiani, hakuambiwa dramu ilitoka wapi. Alinusa kitu asichokipenda, akafanya alichofundishwa na mama yake: alitafuta senetwet, akachoma, akasugua siku nne. Jikoni kwa Mwalimu kukanukia kama boma la wafugaji. Kisha akatia maziwa.

Alhamisi Kosgei alikuja kuondoa takataka za stoo. Ile dramu yenye kutu aliiona, akaomba ruhusa, akaitoboa. Halafu akasimama akinusa upepo.

"Karani, hizi hukuja mbili mbili," alisema. "Mwenzake iko wapi?"

Aliiona mwenyewe mlangoni pa jikoni, imefunikwa kitambaa cheupe, mstari mwekundu shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, kofia mkononi, akamwambia dramu ile ilikuwa ya dawa ya dipu.

"Kosgei," Mwalimu alisema, "mimi nimefundisha sayansi miaka kumi na miwili. Unajua sayansi ni nini?"

"Sijui, Mwalimu. Najua hiyo dramu."

"Imeoshwa. Na ukiigusa, huna kazi. Karani ni shahidi."

Mlango wa jikoni ukafungwa kwa kufuli. Getini Kosgei alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniomba nizungumze na Mwalimu kwa sababu mimi ni msomi na nitasikika. Nilimwambia nitazungumza naye. Sikuzungumza. Nilijua dramu ilitoka wapi, niliiona karatasi, niliujua msiba wa Rongai mwanzo mpaka mwisho, na bado niliona ni afadhali watu wanywe kuliko mimi nimkere mwenyekiti wangu.

Jumamosi wageni walijaa uwanjani, suti na kofia, wake zao kwenye viti vya kukodi. Chelangat na wanaume wawili waliitoa dramu, ikapokewa kwa makofi. Kwa heshima ya wageni, mwenyeji huonja kwanza, ili ionekane kwamba hakuna sumu. Mwalimu alilijua hilo na alilisema kwa sauti. Lakini Mwalimu hakupenda maziwa yaliyolala, yalimgeuza tumbo, kwa hiyo akatangaza kwamba karani wake ataonja kwa niaba yake. Watu wakacheka. Chelangat akanichotea kikombe kilichojaa, maziwa yenye vumbi jeusi la mkaa juu, na kweli yalinukia vizuri.

Kosgei aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na kaptula yake ya kaki. Hakukimbia. Alipita katikati ya meza, akapiga magoti mbele ya dramu, na kabla mtu hajauliza ni nani, alikuwa amekwisha kupiga tundu la chini. Maziwa yakaruka kwenye nyasi. Aliinua nyundo kwa tundu la pili, wale wanaume wawili wakamkamata, wakamburuta, naye hakushindana nao. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Karani, mwaga," alisema. "Mwaga hiyo."

Nilidhani ananitukana. Nilikuwa na kikombe karibu na mdomo, na nadhani ningekunywa kwa ukaidi tu, nimwonyeshe. Lakini mgeni mmoja aliyekuwa akiruka maziwa yasimfikie viatuni alinigonga kiwiko, na kikombe chote kikamwagikia suti yangu, suti pekee niliyokuwa nayo. Nilimlaani Kosgei kwa ajili ya suti.

Maziwa yote yaliishia nyasini, Mwalimu akafanya mzaha, wageni wakapewa soda na chai, karamu ikaendelea. Jumatatu aliniambia niandike barua ya kumfukuza kwa sababu ya ukorofi. Neno ukorofi niliona halitoshi. Mimi mwenyewe, bila kuagizwa, nikaongeza kwamba mzee huyu amerukwa na akili na ni hatari kwa umma, nikagonga muhuri.

Hakuna aliyekufa, na hilo ndilo lililommaliza Kosgei. Angechelewa nusu saa, tungezika watu, na yeye angepewa kiti cha mbele katika mazishi. Alifika mapema, kwa hiyo akawa mwendawazimu. Miezi mizima watu wa Milimani walisimuliana kisa cha mzee aliyetoboa maziwa, na mimi nilikuwa stadi wa kuigiza alivyopiga magoti.

Krismasi ikaja. Mwalimu akaniita akanipa zawadi kwa utumishi wangu mwema: ile dramu. Fundi alikuwa ameichomelea chini, maana tundu lilikuwa moja, na ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Nilishukuru kwa mikono miwili. Nikaiacha ofisini siku tatu nikitafuta mtu wa kumpa, na siku ya nne mke wangu, Wariara, alipita ofisini, akaipenda, akaenda nayo nyumbani.

Niliporudi jioni nilikuta dramu iko pembeni mwa jiko, imejaa maji ya kunywa, na rangi ya kijani imeanza kubanduka shingoni kuonyesha wekundu wake. Binti yetu wa miaka minne alikuwa amesimama na kikombe chake, anangoja mama ainue kifuniko. Nilimnyang'anya kikombe kwa nguvu akalia.

"Kwani iko na nini?" Wariara aliuliza.

"Ilikuwa ya dawa. Dawa ya ng'ombe."

"Nani alisema?"

"Kosgei."

"Si ulituambia huyo mzee ana wazimu?" alisema. "Si ni wewe uliandika na mashine?"

Nilimwogopa kwa namna alivyonitazama. Niliitoa dramu nje nikamwaga maji, nikachukua nyundo na msumari wa inchi sita. Bati lilikuwa gumu. Nilifaulu kupiga tundu moja ubavuni na moja shingoni, msumari ukapinda. Majirani walitoka kutazama. Mmoja alisema chombo kizuri hivyo kinaharibiwa bure, labda ugonjwa wa yule mzee unaambukiza.

Kesho yake niliifunga dramu kwenye kerea ya baiskeli nikaenda Kaptembwo kumtafuta. Nilimkuta nje ya nyumba yake akinoa nyundo ya kuchongea mawe. Siku hizo alikuwa kibarua kwenye machimbo, na vumbi la kazi hiyo lilikuwa limempa kikohozi. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yamepangwa vizuri kama barua. Hakunipa nafasi. Alisimama mara tu aliponiona.

"Karani. Ile siku, kikombe. Ulikunywa?"

"Haikufika mdomoni. Ilimwagika kwa suti."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Akaketi juu ya jiwe, akapangusa uso kwa kofia yake.

"Miezi minne nauliza watu kama karani wa Milimani bado ako," alisema. "Wanasema ako. Lakini watu wanasema tu."

Kisha akaiona dramu. Aliifungua mwenyewe kutoka kwenye baiskeli, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole pale fundi alipochomelea, akaangalia matundu yangu.

"Mbili," alisema, akaingia ndani kuchukua patasi.