Bendera ya Maduhu

Sisi tuliokulia Mkula, wakati pamba ikipelekwa ghalani kwa mikokoteni ya ng'ombe, mwezi wa saba tuliujua kwa harufu. Ulinuka vumbi la asubuhi, magunia mapya, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa ikachanganywa na karanga. Upepo wa ziwani ulikuja na kibaridi chake, nyuzi za pamba zikanasa kwenye miiba kando ya njia, na ukitazama kwa mbali ungedhani mawingu yameshuka kupumzika. Mwezi huo ndio tuliotengeneza bendera.

Nasema kutengeneza, maana bendera ndogo hazikununuliwa. Mwalimu Sayi, mwalimu wetu wa siasa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima, alitugawia vipande vya kitambaa cheupe. Rangi tulijitafutia wenyewe. Buluu ilikuwa ile ya kufulia mashati ya shule. Njano tuliipata kwa Bwana Salimu mwenye duka, aliyetupa manjano ya kupikia bure kila mwaka huku akinung'unika kwamba taifa litamfilisi. Kijani tulitwanga majani ya maharage, na nyeusi tulikwangua masizi kwenye vyungu vya mama zetu, ambao walijifanya hawaoni. Vidole vilibaki na rangi siku nyingi. Hata tukicheza mdako ulimtambua aliyepaka kijani kwa kucha zake. Na hakukosekana mtoto aliyeweka buluu juu na kijani chini, Mwalimu Sayi akapaza sauti: "Wewe! Umeizamisha nchi ziwani!"

Bendera hizo tuliziweka kwenye makaburi ya askari. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, kwa hiyo Siku ya Mashujaa tulitembea kaya kwa kaya, tukiimba, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Palikuwa na kaburi la mzee aliyepigana Burma enzi za Mwingereza, na makaburi ya wale waliorudi kutoka vita vya Kagera wakafia nyumbani baadaye. Tulichomeka bendera upande wa kichwani, tukasimama wima, kisha wenye kaya wakatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Kusema kweli, wengi wetu tulisimama wima huku tukiyawaza maziwa.

Aliyetuongoza ni Mzee Ng'wandu, aliyerudi kutoka vita hivyo vya Kagera na mguu mmoja usiokunjika. Hakuwa msimulizi. Tukimuuliza habari za vita alijibu, "Mvua ilikuwa nyingi," akawa amemaliza.

Kaya moja tuliipita kila mwaka bila kuingia. Ilikuwa ya Mayu Kabula. Mayu kwetu ni mama, na yeye alikuwa mayu wa kila mtoto aliyepita njia ile akiwa na kiu. Mwanawe Maduhu alikwenda vitani akiwa kijana, akafa, akazikwa huko huko Kagera pamoja na wenzake. Mama yake aliletewa habari tu. Hapakuwa na kaburi nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na bendera. Siku ya Mashujaa alisimama mlangoni amejifunga kitenge safi, akatupungia mkono, nasi tukapita tukiimba.

Nilipokuwa darasa la sita hakusimama mlangoni. Alisimama katikati ya njia.

Wimbo ulitukatikia midomoni. Mwaka huo tulikuwa na mtendaji wa kata, mgeni kwetu, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri mno kwa vumbi letu. Mzee Ng'wandu alisogea mbele.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa lugha yetu.

"Mwangaluka," akaitikia, kisha akamgeukia mtendaji kwa Kiswahili chake kizito. "Na wangu je?"

Mwalimu Sayi alimnong'oneza mtendaji habari za Maduhu. Mtendaji alisikiliza, akasema kwa upole, "Pole sana, mama. Lakini hizi ni za makaburini. Mwanao alizikwa Kagera kwa heshima zote, na huko bendera ipo."

"Huko mimi sijafika."

"Bendera ya taifa ina utaratibu wake, mama. Haichomekwi popote tu."

"Sikusema popote. Nimesema kwangu."

Mzee Ng'wandu alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mtendaji, mimi nilikuwa na Maduhu," alisema. "Tulikaa handaki moja. Mvua inanyesha, maji yanafika kiunoni, na yeye anatuambia jinsi mama yake anavyowaimbia ng'ombe akiwakamua. Tukamwambia, hebu imba kama yeye. Akaimba. Kulipokucha ndipo..." Alimwonyesha Mayu Kabula kwa kofia yake. "Huyu hapa mama yake amesimama. Tumpite tena?"

Mayu Kabula hakuwa anamtazama mtendaji tena.

"Aliimba?" aliuliza.

"Aliimba, mayu."

"Ng'wandu. Miaka yote hii. Aliimba?"

"Aliimba vibaya sana, mayu. Tulicheka mpaka tukasahau mvua."

Mayu Kabula akacheka. Alicheka amejishika mbavu, machozi yakimtiririka, na sisi watoto hatukujua tucheke au tulie, basi kila mmoja akafanya lililomjia. Mtendaji aliinama akafuta viatu vyake ambavyo havikuhitaji kufutwa. Aliponyanyuka alisema, "Mwalimu, bendera zipo?" Mwalimu Sayi alikwisha kuitoa moja kikapuni.

"Tuiweke wapi, mayu?"

Alitupeleka mlangoni pa zizi, akatuonyesha jiwe pana. Hapo ndipo Maduhu alipozoea kukaa akimsubiri amalize kukamua, ili anywe povu la juu. Tuliichomeka kando ya jiwe. Tukasimama wima kwenye samadi, jua likitupiga mabegani, na Mayu Kabula akaanza kuimba polepole, wimbo ule wa ng'ombe. Ng'ombe wakageuza vichwa wakamsikiliza. Hakuna aliyeyawaza maziwa. Alipomaliza alimshika Mzee Ng'wandu mkono, akasema, "Wabeja," neno moja tu la shukrani, na hakuuachia mkono ule kwa muda mrefu.

Bendera ile haikumaliza wiki. Ndama aliila. Mayu Kabula akaja shuleni mwenyewe kuomba nyingine, akimwambia Mwalimu Sayi kwamba ndama wake ni mzalendo kupita kiasi. Tangu hapo hatukuipita kaya yake tena bila kuingia.

Siku hizi naishi Bariadi, nashona sare za shule. Bendera ndogo zinauzwa madukani, zinang'aa, kijani kiko juu kila mara. Timu ya taifa ikicheza, vijana wa bodaboda wanazifunga kwenye pikipiki mpaka mji mzima unapepea. Mwambie kijana wa leo akakwangue masizi ya chungu, atakuuliza yanauzwa wapi. Makaburini wanapiga picha kwanza, wanasimama wima baadaye. Siwalaumu. Nasi tulikuwa na maziwa yetu.

Ila kuna kitu kimebadilika ndani yangu pia. Mwanangu wa kwanza yuko jeshini. Maduhu alipokuwa vitani, Mayu Kabula alikaa miezi bila kusikia neno, akiwatazama machoni makondakta wa mabasi kama wana barua. Mimi nabonyeza simu tu. Mwezi wa saba uliopita nilikwenda Mkula, nikawakuta watoto wanachomeka bendera kwenye kaburi la Mzee Ng'wandu. Nilijitenga pembeni, nikampigia mwanangu.

"Shikamoo mama. Mbona kuna upepo hivyo, uko wapi?"

"Marahaba. Niko Mkula. Umekula?"

Alicheka. Huwa ananicheka kwa swali hilo. Akasema amekula wali na maharage. Nikamwambia simu inakatika, haikuwa inakatika, nikamwomba arudie.