Laini ya Pili

Mzee Mutua, mwenye bucha hapa chini ya ofisi yetu, hanisalimii tena. Ana haki.

Ofisi yetu ya Gatina ina kompyuta moja inayohifadhi faili za vikundi vya akina mama. Nilimwambia bosi laini moja ya simu haitoshi kwa intaneti, tuwe na ya pili ya kushika kazi ya kwanza ikikatika. Kungoja laini ni miaka, kwa hivyo nikaongea na fundi wa simu kando. Kesho yake ilikuwa imefika. Nikajiita injinia.

Kila jioni niliijaribu. Mzee Mutua naye akaanza kulalamika bili yake ya simu inapanda. Nikamshauri atie simu kufuli na amchunge Mwende, mpwa wake. Bili haikushuka. Akamrudisha Kitui, nguo zake kwa mfuko wa nailoni.

Jana tulikuwa na wageni. Nikachomoa laini ya kwanza mbele yao. "Sasa ya pili inashika," nikajigamba.

Modemu ikalia kidogo, halafu spika yake ikatoa sauti ya mtu. "Nani huyo kwa simu yangu?"

Tuliisikia kwa spika, na tukaisikia tena kupitia sakafu.